Mawe Saba Ndani ya Bukta

Nilishona mifuko ndani ya bukta yangu, nikaijaza mawe saba. Nalisema mapema ili wale walionicheka ghalani wasidhani nimesahau.

Sababu ilikuwa safari. Shule yetu, iliyopo njia ya kwenda Mnazi Bay, ilialikwa kupeleka wanafunzi kumi kwenye kambi moja ya milimani, huko kaskazini, ambako mtu anafungwa mikanda, ananing'inizwa kwenye waya uliovutwa toka mlima huu hadi ule, halafu anasukumwa. Anateleza juu ya bonde akipiga mayowe. Akifika ng'ambo anapewa chai. Mwalimu wa michezo ndiye aliyetuandaa. Yeye mwenyewe mahali pa juu kabisa alipowahi kupanda ni paa la choo cha walimu, siku bati lilipong'olewa na upepo. Lakini alitufundisha mlima wiki mbili nzima, kwa kuchora pembetatu ubaoni.

Wenzangu ndio walionimaliza. Jirani yangu wa dawati alinunua sweta zito la mtumba kule sokoni Chikongola, akalivaa siku tano mfululizo, kwenye jua la kukaanga korosho. "Najizoesha baridi," akasema. Alichovuna ni vipele vya joto shingoni. Mimi, mjanja wao, nilianza kuusukuma pembeni ugali wa muhogo wa mama. "Watu wa milimani wanakula mkate," nikamwambia. Akachukua sahani, akairudisha jikoni.

Kisha likaja sharti: asiyefika kilo arobaini haendi. "Ukiwa mwepesi unakwama katikati ya waya," alisema mwalimu, "unaning'inia kama popo, na mimi sikufuati." Shuleni hapakuwa na mizani, kwa hiyo tungepimwa kwenye ghala la korosho, siku ya kuuza. Mimi nilikuwa nimeshajipima zahanati: thelathini na saba. Na kwetu hata mtoto wa chekechea anajua gunia jepesi linavyonenepeshwa. Mawe chini, korosho juu.

Ghalani wakulima walikuwa wamepanga foleni. Mama alikuwa wa tatu, na magunia yake mawili. Ya wengine karani wa mizani aliyachoma bambo, kile chuma cha kuchokonolea magunia. Ya mama aliyapitisha tu, maana tangu nizaliwe hayakuwahi kukutwa na hata kokoto.

Tukapimwa kwanza sisi, kabla ya magunia, mmoja mmoja, tumekalia kitanzi cha kamba kwenye ndoano ya mizani, miguu hewani. Zamu yangu ikafika.

"Arobaini na nusu!"

Mwalimu akaandika. Nikaruka chini kwa maringo, na mawe yakagongana.

"We kijana, rudi hapa," karani akasema. "Mbona paja linaongea?" Akanigonga na bambo. Ko, ko. "Huyu mtoto wa nani?"

Yule wa sweta, huku anajikuna shingo, akamnyooshea mama kidole.

Mawe saba yakapangwa mezani, nami nikapimwa tena: thelathini na saba. Watu walicheka mpaka wakashika magunia wasianguke. Mwalimu akalifuta jina langu, na kusema kweli hata hapo nilikuwa bado natafuta mzaha wa kujibu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya foleni: "Mtoto kajifunzia wapi? Mwageni na ya mama yake!"

"Mwageni!" wengine wakadakia.

Karani hakumtazama mama usoni. "Niwie radhi, mama. Watu wanaona."

Magunia yote mawili yakamwagwa mavumbini. Wakachambua kwa miguu, kwa mikono, kwa bambo. Jiwe halikuonekana. Aliyepiga kelele akageuka akaanza kuongelea mvua. Mama akapiga magoti, akazirudisha korosho gao kwa gao, kiganja baada ya kiganja, akizipuliza vumbi. Nami nikapiga magoti upande wa pili, mifuko ya bukta ikining'inia mitupu. Hakunitazama hata mara moja.

Alipomaliza kuuza, njia nzima alitangulia mbele. Nyumbani akasonga ugali wa muhogo, akauweka mbele yangu na kisamvu, akakaa. Nilisubiri kofi.

"Magunia yangu hayajawahi kumwagwa," akasema. "Leo yamemwagwa. Na hizo kilo tatu ulizoziendea mawe, ziko kwenye sahani unayonirudishia kila siku. Kaa, ule."