Kifuniko Alichokitambua Maman

Sisi tuliokulia Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto tuliisubiri Jumatano kama watu wanavyosubiri Krismasi. Siku hiyo shule ilifungwa saa sita mchana. Mabegi mgongoni, soksi zimeteremka, mimi na mdogo wangu Patient tulikimbia hadi kituo cha tramu kukutana na mama yetu, maana asubuhi, akinisuka nywele kwa nguvu za kung'oa mti, Maman alikuwa ameshatoa onyo: "Mukichelewa, mi naenda. Mutabaki inje na baridi yenu." Hakuwahi kutuacha hata mara moja, lakini tulikimbia tu. Watoto wa leo ukiwaambia wakimbie, wanakuonyesha kwenye simu kwamba tramu nyingine inakuja baada ya dakika nne.

Maman alikuwa msafishaji katika jumba la makumbusho. Kule Kivu, Kongo, alikuwa fundi wa kusuka vitunga, yaani vikapu, na akina mama walitoka mbali kuja kumtafuta. Huku Brussels alipewa ndoo na kitambaa. Papa alikuwa mlinzi kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman, akirudi jioni, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuangalia. Maman alitukalisha kwenye benchi la ukumbi mmoja pamoja na mikate yetu ya chokoleti iliyofungwa kwenye karatasi, akatuachia amri moja: tusiguse vioo, kwa sababu atakayevifuta ni yeye.

Ukumbi wetu ulikuwa wa watu wa kaskazini mwa Amerika. Upande mmoja zilikuwa kazi za Wainuit, watu wa nchi za barafu: dubu wa jiwe jeusi lililong'aa kama limepakwa mafuta, sili, mnyama wa baharini, aliyechongwa kwa pembe nyeupe, mwindaji asiyezidi kidole gumba lakini mashavu yake yamevimba kwa baridi. Patient aliamua kwamba sili mmoja mnene anafanana na Tonton Déo, yule mzee wa kanisani aliyesinzia kila mahubiri, na tangu hapo Jumapili zetu ziliharibika, maana tulipomwona tu tulibana vicheko mpaka machozi. Upande wa pili vilikaa vikapu vya Wanuu-chah-nulth, watu wa pwani ya magharibi ya Kanada. Vilisukwa kwa nyasi na gome la mwerezi, vyembamba mpaka ungedhani ni kitambaa, na kuzunguka tumbo la kikapu mitumbwi ilimfukuza nyangumi bila kumfikia. Jina la watu hao tulilifanyia mashindano. Aliyelitamka bila kutema mate alishinda.

Nyumbani nasi tulikuwa wachongaji. Tulichukua kipande kikubwa cha sabuni ya kufulia, tukajifungia bafuni na kisu cha siagi, tukatoka na dubu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, lakini alikuwa dubu. Maman alikuta sabuni yake imekuwa familia nzima ya wanyama, akatutazama, kisha akafulia shati la Papa kwa sili. "Sabuni ni sabuni," alisema. Wanangu leo wana plastelini ya kufinyanga ya rangi kumi na mbili, na wananiuliza wafanye nini nayo.

Sasa, kulikuwa na kikapu kimoja pale ukumbini ambacho Maman alikifuta kioo chake kwa muda mrefu kuliko vingine. Nilidhani kina vumbi. Jumatano moja alitua ndoo akaniita. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi.

"Angalia ile kifuniko," alinong'ona. "Haiko ya ile kitunga."

Niliangalia. Mimi niliona kikapu na kifuniko.

"Ona venye nyasi inalala. Ku kitunga inalala huku, ku kifuniko inalala kule. Uyu mwenye alisuka kitunga alikuwa wa kushoto, sawa miye. Kifuniko ni ya mutu wa kuume. Na ile yake njo ile iko kule pembeni, ku kile kitunga kingine. Njo maana zote mbili zinakaa mubaya."

Ndipo nilipoona. Mistari midogo ya kikapu ilielekea upande mmoja, ya kifuniko upande mwingine, na ukingoni palikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha. Nilikuwa nimekitazama miezi mizima bila kukiona.

Kwa mtoto jambo lilikuwa rahisi: tuseme. Kwa Maman halikuwa rahisi hata kidogo. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na msimamizi wa wasafishaji alikuwa amewakataza kuzungumza na wenye ofisi za juu. Kifaransa chake nacho kilikuwa cha sokoni na cha salamu. Wiki mbili alifuta kioo kile akihema. Wiki ya tatu, mama mmoja aliyesimamia vitu vya ukumbi ule, mrefu, miwani ikining'inia kifuani, alipita na mafaili yake. Maman akanisukuma mgongoni. "Bon, umwambie. Polepole, na heshima."

Nilimwambia. Neno la Kifaransa la kusuka lilinitoka kichwani, nikaonyesha kwa vidole. Yule mama alimtazama Maman, akatazama ndoo, akasema asante kwa adabu, akaenda zake.

Ijumaa msimamizi alimwita Maman akamwambia kwamba kazi yake ni sakafu. Jioni ile hakula. Alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo hatukuvihitaji, na Papa akasema taratibu, "Ungenyamaza tu, Mama Furaha." Furaha ndiye mimi. Nililala nikijua kwamba mdomo wangu ndio ulioharibu kila kitu.

Jumatano iliyofuata tulimkuta yule mama mrefu amesimama kando ya benchi letu. Nilitaka kurudi kwenye tramu. Akaniomba nimwite Maman, na nimwambie aache ndoo.

Alikuwa amevitoa vikapu vyote viwili, vimewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Akampa Maman glavu. Maman alizivaa kama mtu anayevaa viatu vya mwingine, akainua kifuniko cha kwanza, akainua cha pili, akavibadilisha. Kile cha mkono wa kushoto kilishuka mahali pake bila sauti, na mitumbwi ya kifuniko ikaifuata ile ya kikapu kama inaendelea na safari. Mwanya haukuwepo tena.

Yule mama alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Akaniambia nimuulize Maman amejuaje.

"Mwambie," Maman alisema, "shuleni balinipiga juu ya hii mukono. Nyanya wangu njo alisema baniache nisuke nayo." Akakigeuza kikapu kwenye mwanga. "Mwambie uyu mwanamuke alisuka muzuri sana. Banapashwa kujua."

Nilitafsiri yote, na nilipofika kwenye shule nilimgeukia Maman kwanza, maana hata mimi sikuwa nikilijua hilo.

Msimamizi hakusema tena habari za sakafu. Mkataba ulisainiwa, na kuanzia mwezi ule yule mama alimwita Maman kila kikapu kilipofunguliwa kabati, hata vya kwetu Kongo, ambavyo alivisimulia mpaka chai ikapoa. Kwenye kikaratasi chini ya kikapu kile waliongeza mstari mmoja, kwamba aliyekisuka alitumia mkono wa kushoto. Jina la Maman halikuandikwa. Nilipolalamika alicheka. "Na jina ya ule mwenye alisuka, iko wapi?"

Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu wawili. Siku hizi unaingia kwa saa uliyochagua, na kuna kifaa cha masikioni kinachokuambia utazame nini na kwa muda gani. Binti yangu alipiga picha arobaini akamaliza ukumbi kabla sijafungua vifungo vya koti. Simlaumu. Ana muziki, ana uogeleaji, ana rafiki wa kumpigia. Mchana wake umejaa. Wetu ulikuwa mtupu kabisa, hatuna pa kwenda wala cha kuwasha, na tuliujaza kwa macho. Sisi tulikuwa watoto wa msafishaji, tukingoja sakafu ikauke, na sijui kama kuna mtoto mjini humu leo ambaye anaachwa angoje kitu kwa muda mrefu namna ile.