Neno la Jemadari Nililoliruka

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, tulipokuwa wasichana saba katika chumba kimoja kule Al Wakrah, karibu na Doha, kila mmoja na kikombe cha chai ya karaki mkononi, na mimi nimekalia sanduku langu la nguo nikiwaliza wenzangu kwa habari za wafalme wa China. Usicheke. Nilikuwa hodari. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, simu bado zile za kubonyeza, na sisi tulikuwa tukitandika vitanda na kufua mashuka ya hoteli moja huko The Pearl. Ijumaa ndiyo siku tuliyopumua. Asubuhi tulikwenda kanisani Mesaimeer, tukarudi na basi la kampuni, tukapika, tukala, halafu wakaanza kunisumbua: haya, tuletee wafalme wako.

Wafalme hao niliwajulia kwenye tamthilia. Ukumbini kulikuwa na televisheni moja, na stesheni moja ilikuwa ikionyesha michezo ya majumba ya kifalme ya China ya kale, maandishi ya Kiingereza yakipita chini mbio mbio. Mimi ndiye niliyeweza kuyasoma kabla hayajapotea, kwa hiyo nikawa mkalimani wa wote. Baadaye mgeni mmoja akasahau chumbani kitabu kinene cha historia ya nchi hiyo, muda wa kukidai ukapita, msimamizi akanipa. Nilikisoma mpaka jalada likang'oka. Nikajua nani alijenga ukuta, nani alizikwa na askari wa udongo, nani alimtilia nani sumu. Majina yao yalinishinda kutamka, basi niliwaita kwa vyeo tu: mfalme, mwana mkubwa, jemadari, towashi. Wenzangu walinogewa kiasi kwamba msimamizi wetu wa zamu walimbandika jina la Towashi Mkuu. Mungu anisamehe, jina lilimkaa vizuri.

Nakikumbuka sana chumba kile. Kilinuka vitunguu na sabuni, na tulikuwa tunagombana kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, lakini sijapata tena kusikilizwa namna ile maishani.

Siku hiyo niliwasimulia kisa cha mfalme wa kwanza aliyeiunganisha China yote. Alimpeleka mwanawe mkubwa mbali, mpakani kaskazini, akakae na jemadari aliyesimamia ujenzi wa ukuta. Kisha mfalme akafia safarini. Towashi wa mfalme na waziri mmoja wakaificha maiti, wakaweka mikokoteni ya samaki wa chumvi karibu nayo ili harufu isiwaumbue, wakaandika barua ya uongo na kuipiga muhuri wa mfalme. Barua ilimwamuru yule mwana ajiue. Kijana aliisoma, akalia, akaingia ndani, akatii.

Nilipofika hapo nikawatazama mmoja mmoja. Macho yote yamelowa. Nikajiona mkubwa, mwanangu, nikaongeza langu ambalo halimo kitabuni:

"Huyo ndiye mtoto. Neno la baba halirudishwi."

Karibu na mlango alikuwa amekaa Nafula wa Bungoma, rafiki yangu, ambaye kwa miaka miwili yeye alilala kitanda cha chini na mimi cha juu. Baba yake alikuwa mgonjwa, na likizo ya kwenda kumwona ilikuwa imeshakubaliwa. Nisilolijua ni kwamba juzi yake kaka yake alikuwa amemtumia ujumbe: Baba amesema usije, ukija hatakutazama. Alikuwa akitembea na ujumbe huo bila kumwonyesha mtu, hajui ashike lipi. Kesho yake asubuhi akaenda ofisini akairudisha likizo. Aliniambia atakwenda baadaye, nami nikaliacha hapo hapo. Nafasi yake nikapewa mimi. Nilifurahi, nikaingia madukani kununua manukato na mashuka ya kupeleka nyumbani.

Zikapita wiki tatu. Sasa katika chumba cha dobi tulikuwa na Mganda mmoja, mkubwa wetu kwa umri, tukimwita Nalongo kwa sababu alikuwa mama wa mapacha. Maneno yake yalikuwa machache na hakuwa na muda wa upuuzi. Siku hiyo tulikuwa tunakunja shuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili, akaniuliza bila kuniangalia:

"Yule jemadari wako. Mtu mzima, ana askari wake. Anamwona mtoto wa watu anakwenda kujiua na hasemi kitu?"

Nikamwambia alisema. Kitabuni jemadari anamwambia kijana kwamba aliyeleta barua ni mtu mmoja tu, utajuaje kama si hila, tuma mtu akaulize kwanza. Kijana ndiye aliyekataa.

Nalongo akaacha kukunja. Akaniuliza mbona hilo wasichana hawakulisikia Ijumaa ile. Nikacheka cheka, nikamwambia pale panachelewesha hadithi, watu wangepoa kabla ya kulia. Akaivuta ile shuka mikononi mwangu, akaiweka mezani.

"Umewapa watu machozi, ukawanyima akili. Nafula amekaa na ujumbe wa kaka yake wiki tatu, na wewe ndiye uliyemwambia neno la baba halirudishwi."

Ndipo akanieleza yote, maana asubuhi hiyo alikuwa amemkuta Nafula analia nyuma ya mashine, akamtoa maneno kidogo kidogo, pamoja na kile kisa changu cha wafalme. Mwanangu, niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia huwa nasimama nilipo. Nilikuwa nimemsikia rafiki yangu akigeuka geuka kitandani siku zote hizo, nikadhani ni joto.

Tulipotoka kazini tulimfuata, nikamwambia maneno ya jemadari. Nilikuwa nababaika, hadithi yenyewe imenipotea mdomoni. Nalongo akamwambia asimpigie kaka, amtafute mtu mwingine aliye karibu na mzee. Nafula akamkumbuka jirani mwenye duka. Tukakwangua kadi ya simu, tukapiga, na yule mama akatembea na simu yake mpaka kitandani kwa mgonjwa. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Nafula, nikamsikia mzee. Hakutoa hata salamu.

"Nafula, mwanangu, nilikukosea nini?"

Kumbe yeye aliambiwa binti amekataa kuja. Kila siku alikuwa akiuliza kama amefika. Na yule jirani akatueleza kwamba kaka alikuwa akimwacha mzee peke yake kutwa nzima, na alichelea dada yake aje aone hali aliyolala nayo. Hapakuwa na lingine.

Nilikwenda ofisini nikaomba likizo yangu apewe yeye. Towashi Mkuu alilalamika kwamba tunamchezea, mwishowe akatia sahihi, akasema khalas, yaani basi yaishe. Siku ya tatu Nafula akapanda ndege. Alimkuta baba yake hai, lakini ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, neno halitoki. Mzee alimshika mkono siku nne, siku ya tano akafariki. Aliporudi Doha hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia tu, "Nilimkuta. Lakini kuongea tulikuwa tumemaliza kwenye simu."

Wiki tatu, mwanangu. Wiki tatu ambazo mzee alikuwa na sauti yake na binti alikuwa na ruhusa yake, na mimi niliona fahari kuliza watu.

Wafalme wale bado nawapenda, nami nafurahi kukuona unawatazama kwenye simu yako. Watazame. Lakini kesho unasafiri, basi lishike hili. Neno la mtu unayempenda likikufikia kwa mdomo wa mtu mwingine, hata likiwa na muhuri, mtafute mwenyewe akuambie kwa sauti yake, na ukifungiwa mlango huu bisha ule. Kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. Na siku utakayokuwa wewe ndiye msimulizi, usilikate neno linaloweza kumwokoa mtu eti kwa sababu linaharibu utamu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kuuliza, na kila unayempenda akuwekee akiwa na sauti ya kukujibu.