Mwanamke wa Sita Kwenye Kaseti ya Ngoliba

Nina daftari la kazi. Kila harusi niliyowahi kurekodi imeandikwa humo: ya nani, wapi, dakika ngapi. Haya ninayokueleza niliyaandika humo siku ileile yalipotokea, kabla hata sijala, kwa sababu nilijua kesho yake nitaanza kujiambia hayakutokea. Ukitaka kusema niliota, sema. Mimi mwenyewe nilijaribu kusema hivyo kwa mwezi mzima, na kila nikifungua daftari naona mwandiko wangu.

Na usifikiri ni mambo ya usiku. Ilikuwa saa tisa mchana.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kuisha. Nilikuwa na chumba cha video mjini Thika, na picha nilizihariri kwa deki mbili: moja inacheza, nyingine inarekodi, kidole changu kiko kwenye kitufe. Kila nilipokata, picha iliruka, na hakuna mteja ambaye hakuona. Wenzangu wawili walikuwa tayari na kompyuta. Nilijua nikichelewa mwaka mmoja zaidi nitafunga chumba.

Aliyenisukuma hasa ni bwana harusi mmoja, nitamwita Kimani. Nilikuwa nimerekodi ngurario yake, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, kule Ngoliba, nyumbani kwa akina Njeri, bibi harusi. Unajua inavyofanywa: wanawake wanafunikwa leso kuanzia kichwani, wanasimama kwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa. Kimani alipita mbele yao mara mbili, akasimama kwa yule wa mwisho, akamshika mkono. Akaushika kwa muda. Mashangazi wa Njeri hawakumhurumia.

"Muthoni, mkwe wetu, huyo si wako. Ama unataka wawili?"

Mwingine akasema apelekwe kwa daktari wa macho kabla hajapewa mtoto wa watu. Basi akauachilia ule mkono, akamchukua Njeri, vigelegele vikapigwa, tukala.

Siku nne baadaye alikuja kwangu peke yake. Alitaka nitoe pale alipokosea. Nilimwambia kila mtu hukosea, na wakwe watacheka mwaka mmoja tu halafu wasahau. Hakucheka. "Itoe," akasema, "na isijulikane kuna kitu kimetolewa." Kwa deki hilo halikuwezekana. Nikamwomba asubiri, nanunua mashine.

Hapo ndipo nilipofanya jambo nililoliona la busara. Nilichukua kaseti ya Kimani iwe ya kujaribia. Kompyuta itakayokata pale bila kuonekana, hiyo ndiyo yangu. Nisingesikiliza maneno ya wauzaji.

Ya kwanza ilikuwa Thika. Kioo kizuri, kumbukumbu ya kutosha. Tukaanza kuingiza picha, ikaenda vizuri hadi Kimani alipoushika ule mkono, ikakwama. Muuzaji akasema diski ni ndogo. Ya pili ilikuwa Ruiru: diski kubwa zaidi, kadi nyingine ya kuingizia picha, programu nyingine kabisa. Ikakwama palepale. Muuzaji akasema kadi na mashine hazipatani. Nikaandika kwenye daftari, "Haifai," nikaondoka.

Umeliona kosa langu? Mashine mbili, kadi mbili, programu mbili, na kaseti moja. Mtu anayejiita mwangalifu angeliona mapema.

Aliyeliona ni fundi wa tatu, Ndung'u, kijana mpole aliyeunda kompyuta nyumbani kwake Kahawa Sukari. Alitazama ikikwama, akaniuliza, "Una kaseti ingine?" Nilikuwa nayo, ya harusi ya kanisani. Ikaingia yote, sauti na midomo vikienda pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudisha ya Ngoliba. Ikakwama kwenye mkono. Akajikuna kichwa, akasema labda ni deki yake, wacha aazime nyingine kwa jirani. Alipotoka alifunga geti kwa kufuli kutoka nje. Alinieleza nisishtuke, wezi walikuwa wamemtembelea mara mbili.

Nikabaki na picha iliyosimama. Ili kupoteza muda nikaanza kuhesabu wanawake. Walikuwa sita. Nikafungua daftari, kwa sababu huwa nahesabu watu kabla sijawasha kamera. Nilikuwa nimeandika watano. Nikahesabu upya, sasa kwa miguu. Jozi sita. Watano walikuwa wamevaa viatu. Yule ambaye Kimani alikuwa amemshika hakuwa na viatu.

"Habari ya kazi," nikasikia nyuma yangu.

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda leso kichwani. Nje kulikuwa na manyunyu ya Julai, kwa hivyo leso haikunishangaza. Nilidhani ni mke wa Ndung'u. Nikamjibu ni nzuri, nikamwambia mwenyewe ametoka kidogo. Akasema anajua. Alikuja akasimama karibu na kiti changu, akatazama kioo kama mtu anavyotazama picha yake mwenyewe akiwa na watu wengine, akijitafuta. Utaniuliza kwa nini sikutazama miguu yake. Sikuwaza. Nakuambia ukweli, sikuwaza kabisa.

"Ni hapo unataka kutoa?" akauliza.

Nikasema ni mwenye harusi aliyeomba.

"Alinishika mimi kwanza."

Hakupaza sauti. Watu husema wangekimbia, wangepiga mayowe, na mimi nilidhani hivyo pia. Lakini nilichofanya ni kuzungumza upuuzi. Nilisema mimi ni mtu wa kazi tu, mambo ya familia wenyewe wataelewana.

"Basi mtolee," akasema. "Lakini usinitupe. Niwekee mahali."

"Nitakuweka," nikamwambia.

Hayo maneno ni yangu. Hakunitisha, hakunishika, hakuniapisha. Akajitengeneza leso, akatoka. Na nikiwa bado natazama mlango, deki ikaanza kuzunguka yenyewe, picha ikasonga, kaseti ikaingia yote.

Ndung'u aliporudi nilimuuliza mke wake ameenda wapi. Akacheka. "Mke gani? Mimi hata sufuria ya pili sina." Kufuli alikuwa nalo mkononi, ndiyo kwanza amelifungua.

Mashine hiyo niliinunua. Haikuwa na kosa lolote, na kazi ilikuwa inanisubiri. Nilikata sekunde tisa, nikaziweka kwenye faili la peke yake, nikaliita "Ngoliba, kuweka." Pale nilipounganisha hapakuonekana hata kidogo. Kimani alitazama mara moja, akachukua kaseti yake, akanishukuru bila kunitazama.

Agosti ikaja na harusi zake, mbili kila Jumamosi. Diski ya gigabaiti nne haikuwa inatosha hata harusi moja nzima. Aliyefanya kazi hii miaka ile anajua. Nilikuwa nafuta usiku na mchana. Kaseti ya asili ya Ngoliba nilishairekodia harusi nyingine, kama sisi sote tulivyofanya. Ijumaa moja nikafika kwenye lile faili. Sekunde tisa hazichukui nafasi ya maana. Lakini kila asubuhi nikiwasha mashine nilikuwa nikiliona jina lile, na nilikuwa nimechoka kuliona. Nikalifuta.

Wiki iliyofuata Kimani alikuja. Shati lilikuwa linamning'inia kama la mtu mwingine. Hakuketi. Alisema anataka kuona kile kipande, mara moja tu, halafu hatanisumbua tena.

Ndipo akanieleza. Kabla ya Njeri kulikuwa na msichana, Wanja. Aliugua akafariki kabla wazee wa Kimani hawajafika kwao kuposa, kwa hivyo wakwe wa Ngoliba hawakujua hata kama alikuwako.

"Niliujua ule mkono," akasema. "Alichomeka na pasi hapa kwa kidole gumba. Nilipapasa nikalipata kovu. Nilijua ni yeye, na nikamwacha mbele ya watu."

Nilimwambia nimekifuta. Nilitarajia ugomvi, na ningeuvumilia. Yeye alitazama kompyuta, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo lililokuwa linamsumbua.

"Kumbe ndiyo maana amehamia kwetu."

Njeri alirudi Ngoliba kabla ya Krismasi. Nilikutana naye sokoni Thika, akanisalimia vizuri, kisha akaniambia bila kuulizwa kwamba hakupigwa wala hakutukanwa. "Kitanda tu hakikututosha," akasema, akaendelea kuchagua nyanya. Yule dada alifanya kosa gani? Kimani bado anaishi nyumba ileile, hakuoa tena. Wageni huwapokea nje. Huwaambia ndani kumejaa.

Ile diski niliitoa kwenye mashine, bado ninayo. Nimewapelekea mafundi watano, kila mmoja amejaribu kurudisha kilichofutwa, na kila mmoja amenirudishia diski akisema hakuna kitu. Na hadi leo, nikihariri ngurario, nahesabu miguu.

Kwa hivyo wewe unayefanya kazi hii, ukiombwa umtoe mtu kwenye harusi, uliza kwanza ni nani. Ukishamwambia mtu utamweka, mweke. Usije ukajitetea kwamba nafasi ilikwisha. Mimi nafasi nilikuwa nayo.