Kaza na Koili ya Kwanza

Tarehe 11 Februari, siku ya sita baada ya kimbunga, mwanamke mmoja alimsuka mwenzake nywele kwenye foleni ya maji. Jambo hilo limethibitishwa. Ipo picha iliyopigwa na dereva wa gari la maji, na wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni hiyo wamelieleza, kila mmoja kwa wakati wake, bila kupishana. Katika picha msusi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mteja ameketi chini kati ya magoti yake, na nyuma yao umesimama ukuta wa duka ambao bado una dirisha lakini hauna paa. Msusi anaangalia kichwa alichokishika. Haangalii kamera wala bahari.

Mtaani walimwita Kaza. Jina alipewa na wateja. "Ukisukwa na Kaza," alisema mmoja wa wanawake wale watatu, "siku mbili za kwanza hufumbi macho vizuri, nyusi zimekupanda kama mtu aliyesikia umbea. Lakini mwezi mzima humtafuti msusi mwingine." Alikuwa na miaka arobaini na moja, ameachika, hana mtoto, na aliishi katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya kaka yake mkubwa. Saluni yake ilikuwa kibaraza cha karakana hiyo: kiti kimoja, kioo kimoja, na kelele za nyundo kutoka ndani.

Kwenye foleni watu walisalimiana kama siku zote. Habari? Salama. Habari za nyumbani? Salama, ila nyumba haipo. Mmoja wa wasimulizi aliposomewa maneno yake hayo baadaye, alicheka akajibu, "Sasa ulitaka niseme nini? Salamu ni salamu."

Kaka yake Kaza, ambaye wote walimwita Fundi tu, alikuwa fundi wa kusuka mota, na katika ukanda ule wa pwani hakukuwa na mwingine. Mota iliyoungua au kulowa maji ya chumvi hutolewa nyaya zake zote za shaba. Kisha waya mpya huviringwa kuwa mafungu, yaitwayo koili, na kila koili hupangwa, uzi mmoja baada ya mwingine, ndani ya mifereji ya chuma iliyozunguka tumbo la mota. Ni kazi ya vidole. Wakati wa kimbunga Fundi alipanda juu ya meza kushikilia bati la karakana lisiende. Bati lilikwenda, na lilipokuwa likienda lilipita katikati ya kiganja chake cha kulia. Jeraha lilifunga, lakini vidole viwili vikawa havikunjiki.

Bahari iliporudi mahali pake, ilionekana kwamba kisima kirefu cha mtaa kilikuwa kimepona. Mdomo wa bomba lake ulikuwa juu kuliko maji ya bahari yalipofika, na maji ya chini yalibaki matamu. Kilichozama ni mota ya pampu, iliyokuwa sakafuni katika kibanda pembeni ya kisima. Mafundi wa mjini walikuwa na mota za namna hiyo zilizorundikana hadi barabarani, na daraja la kwenda kwao lilikuwa limevunjika. Ofisi ya misaada ilitoa tangazo lisilo na utata: gari la maji litakuja hadi mwisho wa Februari; baada ya hapo, mtaa usio na maji yake utahamishiwa kambini, bara, karibu na stesheni ya reli. Mtaa wa chini ulikuwa umeshahamishwa. Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amerudi.

Waya wa shaba ulikuwapo, rola moja. Uliponea ndani ya pipa lililofungwa mfuniko na mke wa Fundi, wifi yake Kaza, ambaye hakutaka kusifiwa kwa hilo. "Mimi nilikuwa naokoa nguo zangu," alisema. "Huo waya ulikuwa humo chini, mimi hata sikuujua. Ningeujua ningeutoa, maana ni mzito."

Wazo lilitoka kwake pia. Mumewe alikuwa ameketi mbele ya mota iliyofunguliwa, mkono umefungwa bendeji, akiitazama.

"Sasa unainunia mota?" mkewe alimwuliza. "Kwani kazi yenyewe si kusuka? Na msusi unaye hapo kibarazani."

"Kusuka mota na kusuka nywele vinafanana jina tu, mke wangu."

"Basi anza na jina. Mkono huna."

Kaza aliitwa. Alipoelezwa, swali lake la kwanza lilikuwa kama atapigwa na umeme. Kaka yake alimjibu kwamba mota ile, kwa hali iliyokuwa nayo, isingeweza kumpiga hata nzi.

Walianza asubuhi iliyofuata. Waya ulizungushwa kwenye kalibu ya mbao yenye mkono wa kuzungushia: Kaza akizungusha na kuuongoza waya kwa kidole, Fundi akihesabu mizunguko kwa sauti. Wasimulizi wote watatu wa nyumba hiyo, yaani ndugu hao wawili na wifi aliyekuwa akiingia na kutoka, wanakubaliana juu ya kilichotokea kwenye koili ya kwanza. Kaza aliisuka kama alivyosuka kila kitu maishani mwake.

"Mdogo wangu, legeza."

"Nikilegeza itafumuka."

"Haifumuki. Hii haiendi harusini. Waya una ngozi yake, hiyo rangi unayoiona. Ukivuta hivyo unaichubua. Nyuzi mbili zilizochubuka zikigusana, umeme unapita njia ya mkato na mota inaungua."

"Kichwa cha mtu kikiuma, mwenyewe anapiga kelele. Hiki chuma chako hakisemi kitu, nitajuaje?"

"Ndiyo maana nasema mimi. Legeza!"

Koili hiyo ilikuwa imeshaisha. Fundi aliigeuza mkononi, akaitazama chini ya mwanga wa mlangoni, akasema iingie hivyo hivyo, kwa sababu waya ulikuwa wa kupimapima. Iliingia, na nyingine zikafuata. Kufikia koili ya tatu mkono wa Kaza ulikuwa umetulia. Kwa kupanga nyuzi ndani ya mifereji hakuhitaji kufundishwa sana. Kuzigawa, kuzilaza na kuzisukuma kwa kijiti cha mwanzi zisipandane, ilikuwa karibu sawa na kazi aliyoijua. Alipofunga ncha kwa uzi wa pamba, kaka yake alikiri kwamba fundo lake lilikuwa safi kuliko lolote alilowahi kufunga yeye. Kisha akaongeza, "Lakini usianze kuringa."

Alichojifunza Kaza katika siku hizo, bila kuambiwa na mtu, ni kwamba koili iliyosukwa vizuri ukiibonyeza kwa kidole gumba inakubali kidogo, kama mkate wa asubuhi. Nyingine zote zilikubali. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama mti.

Tarehe 23 Februari koili zote zilikuwa ndani. Kabla ya kumwagiwa vanishi, ambayo ikikauka hugandisha kila kitu pasiwe na kurudi nyuma, mota ilipaswa kupimwa kwa taa ya betri. Mwenyekiti wa kamati ya maji, muuza madaftari na kalamu ambaye duka lake ndilo lile lililobaki ukuta, alikuja kushuhudia.

"Fundi, watu wananiuliza wafunge mizigo au watafute ndoo," alisema. "Niwaambie lipi?"

Fundi aligusisha ncha moja ya waya wa taa kwenye koili, nyingine kwenye chuma cha mota. Taa haikuwaka.

"Haikuwaka," mwenyekiti alisema, uso umeshuka. "Basi ndiyo imekufa?"

"Isipowaka ndiyo nzima, mwenyekiti."

"Aa! Mimi kazi hii nisingeiweza."

Alikwenda kuwaambia watu watafute ndoo. Kaza alisubiri hadi hatua zake zilipoisha nje.

"Kaka, hiyo taa inasema waya haugusi chuma. Waya kwa waya, ndani ya koili moja, inasema?"

"Haisemi."

"Basi ya kwanza naitoa."

Kilichofuata kinasimuliwa kwa namna mbili kuhusu nani alipandisha sauti kwanza, lakini maneno yenyewe hayana mgogoro. Fundi alimwambia kwamba koili ile iko chini ya nyingine mbili, kwamba kuitoa ni kuzisumbua zilizo nzima, na kwamba waya uliobaki kwenye rola haukuwa na uhakika wa kutosha. Alimwambia pia kwamba yeye amesuka mota kwa miaka ishirini na sita.

"Mimi ndiye fundi humu ndani."

"Wewe ndiye fundi, kaka, sibishi. Lakini hiyo niliisuka mimi, na najua nilivyoivuta."

"Na watu wakipandishwa magari kwenda kambini, utawaambia ulikuwa unatafuta urembo?"

"Ikiungua nitawaambia nini?"

Fundi alitoka. Aliketi kibarazani, kwenye kiti cha wateja wa dada yake, akiwa ameipa mgongo karakana. Kaza aliinua koili mbili za juu, akazishikiza pembeni kwa kitambaa, akaanza kuing'oa ya kwanza uzi kwa uzi. Haikutoka kwa urahisi. Ilibidi aivute kwa koleo, na kila uzi ulikwaruzwa na ukingo wa mfereji. Kisha alirudi kwenye kalibu, akazungusha peke yake, akihesabu kwa sauti kama alivyosikia ikihesabiwa. Waya wa rola uliisha kabla ya koili.

Wifi ndiye aliyetoka kwenda kibarazani. "Mume wangu, waya umekwisha, koili haijakwisha. Unaingia, au unasubiri gari la kuhama ukiwa umekaa hapo hapo? Maana kiti kizuri hicho."

Aliingia. Alichagua kipande kirefu katika ule waya uliong'olewa, akakipitisha polepole kati ya vidole vyake vizima, akakata mahali palipomridhisha. Kipande hicho kiliunganishwa na waya mpya kwa risasi ya kuyeyushwa: yeye akiwa na chuma cha moto katika mkono wa kushoto, Kaza akishika ncha mbili.

"Shika," alisema. "Usibane."

Hayo ndiyo maneno pekee wanayoyakumbuka wote wawili kutoka jioni hiyo.

Mota ilimwagiwa vanishi na kukaushwa katika tanuri la mwoka mikate, ambaye hakuwa na unga wa kuoka na alifurahi kuona tanuri likifanya kazi yoyote. Tarehe 26 Februari ilirudishwa kwenye kibanda cha pampu na kuunganishwa na jenereta ya kiwanda cha barafu. Watu walikuwa wengi kuliko ndoo. Mwenyekiti aliwaomba wasogee nyuma, hakuna aliyesogea. Mota ilianza kwa mngurumo, ikatulia, ikaendelea. Maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai, ya pili yalikuwa na mchanga, na yaliyofuata yalinyweka. Gari la maji lilikuja mara mbili zaidi, kisha halikuja tena, na mtaa haukuhamishwa.

Hiyo haina maana kwamba mtaa ulipona siku hiyo. Mapaa mengi yalibaki maturubai hadi msimu mwingine wa mvua. Shule ilifunguliwa mwezi wa Aprili, kwa sababu palikuwa na maji; kiwanda cha barafu kilianza tena mwezi wa Mei, na mota zake mbili zilisukwa na Kaza, kaka yake akiwa pembeni akielekeza kwa kidole. Familia kadhaa ziliondoka kwa hiari hata baada ya maji kutoka, na katika mtaa wa chini viwanja vingi bado viko wazi. Vidole vya Fundi vilirudi kiasi cha kushika kijiko.

Kaza hakuacha nywele. Siku hizi asubuhi ni za mota na mchana ni wa vichwa, na wateja wake wa zamani wananung'unika kwamba misuko yake haikai tena mwezi. "Mota imetuharibia msusi," walisema wawili kati yao, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kulisema hilo.

Kuhusu koili ya kwanza, ndugu hao hawajakubaliana. Fundi anasema ingefanya kazi, na kwamba dada yake alihatarisha mtaa mzima kwa ajili ya shaka. Kaza anasema ingeungua kabla ndoo ya kwanza haijajaa. Wote wawili wanathibitisha kwamba waya ulipotoka ulikuwa na michubuko mingi. Fundi anasema michubuko hiyo ilitokana na kuing'oa; Kaza anasema mingine ilikuwapo tangu kuisuka. Hakuna aliyeutazama waya ule kwa makusudi hayo kabla haujavutwa. Kipande kilichofaa kimo ndani ya mota, chini ya vanishi. Vilivyobaki wifi alivitumia kufungia mabati, na mabati hayo yamebadilishwa tangu wakati huo.

Mota ilifunguliwa mara moja baadaye, kubadilishwa beringi. Koili hazikuguswa. Kama ile ya kwanza ingeiunguza au ingedumu nayo, haijulikani.