Ramani ya Ohio kwenye Kizuizi cha Bwera

Nakiri, kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nikifuatilia redioni uchaguzi wa Ohio, jimbo la Amerika ambalo wapigakura wake hawatabiriki, nikachora ramani yake daftarini. Majina ya wilaya za huko yalinishinda kukumbuka, basi mimi, profesa wa kujitawaza, nikaandika ya vijiji vya kwetu: Katwe wanamtaka rais, Karambi hawajaamua, Bwesumbu wanampinga.

Kwenye kizuizi cha barabarani cha Bwera basi letu lilisimamishwa, na askari aliyepekua mizigo alilisoma daftari lile kwa sauti.

"Nani alikutuma kupima watu?"

"Afande, hiyo ni Amerika."

"Bwesumbu iko Amerika?"

Abiria wenzangu walicheka, kisha wakasogea mbali nami. Askari akadai tikiti yangu ya kodi, ile stakabadhi tunayoitumia kama kitambulisho, akasoma polepole ninakotoka: Bwesumbu.