Gumba la Bibi Koleo

Glavu ya mwezini haina huruma. Imejazwa hewa mpaka ikakakamaa, na kila ukikunja kidole, yenyewe inakikunjua. Loretta Hruska alishindana nayo tangu kichwa chake hakina mvi, akiunda kifaa kimoja tu: unakigusisha kwenye jiwe, unabonyeza kitufe, kinakwambia lina madini gani. Kucha zilimtoka, zikaota, zikatoka tena. Wenzake kwenye kituo cha anga kule Houston walimwita Bibi Koleo, na jina alilipenda.

Sasa walikuwa jangwani Arizona, kwenye changarawe nyeusi ya volkano, kwa jaribio la mwisho. Kikipita, kinakwenda mwezini. Kikishindwa, kinaishia kabatini. Kauli ni ya aliyevaa glavu peke yake. Mwenye kifaa hufunga mdomo.

Teddy Escamilla, mwanaanga atakayesafiri, alikishika kifaa, akatania.

“Leo namwoa binti yako, Bibi Koleo.”

“Mshike vizuri basi, asije akakukimbia.”

Jiwe la kwanza, sawa. La pili, ilibidi abonyeze mara mbili. La tatu, gumba liliteleza, likarudi, likateleza tena, na jasho lilimchuruzika nyuma ya kioo cha kofia. Vernon, msimamizi, alitazama saa. Loretta alikuwa amebana pumzi. Mwishowe taa ya kijani ikawaka.

“Kinafaa!” Teddy alisema kwa sauti iliyokauka.

Watu wakapiga makofi. Lakini Teddy hakumtazama Loretta, na hilo lilimchoma. Loretta alimfuata nyuma ya gari lao, akamkuta anavuliwa glavu. Ukucha wa gumba ulikuwa umenyanyuka, na damu imefika kiganjani.

“Mbona umesema kinafaa?”

“Si taa imewaka, mama?”

“Kwa mawe matatu tu. Kule utapima siku nzima.”

Teddy aliinamisha kichwa. “Kila Krismasi nakula kwako. Ningekwambiaje?”

Loretta alivaa ile glavu yenye damu, ikajazwa hewa tena, akashika kifaa, akabonyeza. Kitufe kikaingia bila shida. Hapo ndipo alipoelewa. Miaka yote hiyo hakuwa amelainisha kitufe. Alikuwa amekomaza kidole chake.

Alimrudia Vernon. “Futa matokeo. Hakifai.”

“Loretta, wewe huna kauli hapa.”

“Basi muulize tena mwenye kauli.”

Vernon akamgeukia Teddy. Kijana akatazama gumba lake.

“Hakifai,” alisema. “Nisamehe, mama.”

“Ungekwenda kuumia huko kwa kunionea aibu, mjinga wewe,” Loretta alimwambia. Kisha akaketi pale pale kwenye changarawe, akalia mbele ya watu wote.