Nilibadilisha Pesa Yote ya Sindano za Dada Yangu

Admin, lifiche jina langu na mji wangu pia, maana wajukuu zangu wote wako humu wanasoma. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, Mkenya, mjane. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja tangu asubuhi, kwa sababu haya siwezi kumwambia mjukuu anichapie. Mnaopenda kutukana, tukaneni, lakini mkimaliza mnishauri.

Miaka ya sabini, wanajeshi wakitawala Uganda, dada yangu mkubwa, nimwite Zaina, alikuwa ameolewa Kampala na Mnubi mmoja dereva wa lori. Walikaa Kawempe. Zaina alikatwa na bati mguuni, kidonda kikaharibika, daktari akasema anahitaji sindano kumi na nne na dawa yenyewe waitafute, kwa sababu wakati huo kila kitu kilikuwa cha kutafuta, hata sabuni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, najiona mjanja kuliko wote nyumbani. Mama akauza cherehani yake, akanifunga pesa ya Kenya kiunoni kwa leso. Barua ya dada ilisema wazi: "Mdogo wangu, badilisha ya kula tu. Dawa huku inauzwa kwa pesa ya Kenya." Barua hiyo niliisoma mimi, kwa sauti, mama akisikiliza.

Nilipofika, shemeji alikuwa safarini na lori lake. Aliyenipokea ni jirani yao Sifa, msichana wa rika langu. Nilimwambia nataka kubadilisha kidogo ya chakula. Akacheka. "Nyabo," ndivyo wanavyomwita mwanamke huko, "benki nakupa kidogo sana. Twende kwa mafutamingi mmoja, yeye nalipa mara tano." Mafutamingi ndilo jina walilopewa matajiri wapya waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa. Huyu wetu rafu zake zilikuwa tupu kabisa, lakini droo imejaa pesa.

Nikampa noti moja, akanirudishia bunda. Jamani, bunda zima! Nikampa ya pili. Hakunilazimisha mtu, wala sikulewa. Nilifungua leso yote pale dukani, nikatoka na mfuko wa karatasi nimeukumbatia kwa mikono miwili. Nyumbani kwetu viatu nilivaa vilivyomkataa Zaina, na siku ile nikajiona mke wa waziri. Nikajiambia dawa itanunuliwa na chenji itabaki.

Kesho yake Sifa akanipeleka Kansanga, mtaa wa mabaa. Nikanunulia watu kuku na bia, watu ambao hata majina yao sikuyajua, wakaniita tajiri wa Kenya na mimi nikaitika. Nikanunua viatu vya soli nene, vile vya kwenda na wakati. Siku mbili nzima nilitembea hivyo. Nikirudi nyumbani Zaina ananiuliza kama dawa imepatikana, mguu umefura, jasho linamtoka, na mimi namjibu bado natafuta. Naona aibu hata kuandika.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza dawa nyumbani kwake, karibu na hospitali ya Mulago. Nikamfungulia mfuko. Hakugusa hata noti moja. "Nyabo, hii ntapeleka wapi? Mimi nanunua dawa Kenya, na Kenya hawataki hii. Leta ile yenu." Nikarudi mbio kwa mafutamingi. Alinitazama kwa huruma, kweli kabisa, akasema, "Kununua bei ingine, dada. Kuuza bei ingine." Nikatoa kila kilichobaki, nikaongeza na vile viatu. Pesa ya Kenya niliyopata ilitosha sindano nne.

Njiani kurudi Kawempe ndipo uongo uliponijia, tena bila kuutafuta. Nilimwambia dada kwamba askari walinisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, wakanipekua, wakachukua pesa. Hakuuliza hata swali moja. Nani angeuliza, siku zile? Alinishika mikono akalia. "Mdogo wangu, pesa si kitu. Shukuru Mungu hawakukufanya lolote." Majirani wakanipikia uji kama mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe yuko kitandani pembeni yangu. Niliunywa ule uji wote.

Sindano nne zikaisha. Wiki mbili baadaye wakamkata mguu chini ya goti.

Tangu hapo kwetu mimi ni shujaa. Mama alikufa akisimulia jinsi mwanawe alivyoponyoka mikononi mwa askari. Zaina alifiwa na mume, akarudi Kenya, na sasa ana miaka sabini na saba. Kila harusi, kila msiba, wakianza habari za Uganda ananionyesha kwa fimbo yake: "Huyu hapa alihatarisha maisha yake kwa ajili yangu." Watu wanapiga makofi, na mimi nainamisha kichwa, wakasema bibi mnyenyekevu.

Ningeweza kufa nayo. Lakini mwezi jana alilazwa, moyo umechoka, na daktari ametuambia tusitarajie mengi. Nilikuwa peke yangu naye, namkanda lile goti. Akaniambia kila baada ya swala huwa anawaombea wale askari, amewasamehe moja kwa moja, hataki wakaulizwe mbele ya Mungu juu ya mguu wake. Halafu akanishika mkono. "Na wewe wasamehe, mdogo wangu. Usizeeke na chuki. Niahidi." Nikamwahidi.

Ndugu zangu, amewasamehe watu ambao hawakuwahi kuwepo. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo na siku zake zimebaki chache, nikinyamaza atakwenda kaburini hajanisamehe mimi. Wiki hii zamu ya kulala naye ni yangu. Nimwambie, au nimkande goti ninyamaze?